Nchi ndogo na uwanja wake wa ndege: faida tuihesabu mahali inapopatikana

Mleta mada

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Kila mara nchi ndogo inapotangaza mpango wa kujenga au kupanua uwanja wa ndege, watu hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema kuwa hayo ndiyo maendeleo, na wapo wanaosema kuwa fedha hizo zingetosha kujenga shule na zahanati kadhaa. Kwa maoni yangu, pande zote mbili hukosea mahali pamoja, kwa sababu zote zinautazama uwanja wenyewe, yaani jengo la abiria, lami na taa zake, ilhali sehemu kubwa ya faida au hasara ya uwanja hutokea nje ya uzio wake. Ninaomba nieleze hoja hiyo kwa kirefu, nikitumia mifano ya nchi zilizokwisha kuipita njia hii, na wenye mawazo tofauti nitawasoma kwa makini.

Kwanza kuna mambo matatu ambayo huzungumzwa kana kwamba ni jambo moja: uwanja wa ndege, shirika la ndege la taifa, na uwezo wa nchi kufikika kwa ndege. Nchi inaweza kuwa na uwanja mzuri usiotua ndege, inaweza kumiliki shirika linalomeza ruzuku kila mwaka, na inaweza pia kufikika vizuri sana kwa mashirika ya wengine bila yenyewe kumiliki hata ndege moja. Kinachokuza uchumi ni hilo la tatu. Mawili ya kwanza ni vyombo tu vya kulifikia, na mara nyingine havilifikii.

Nchi kubwa ina soko la ndani ambalo peke yake hujaza ndege, lakini nchi yenye watu laki tano au milioni moja haina abiria wa kutosha kujaza ndege ya kila siku kwenda miji mingi. Ikiwa ni kisiwa, au haina bahari, gharama ya kutofikika hulipwa na kila mtu, hata yule ambaye hatapanda ndege maishani mwake. Shelisheli ni mfano ulio wazi. Kabla ya uwanja wake kuanza kutumika mwaka 1971 na kufunguliwa rasmi Machi 1972, msafiri alifika kwa meli baada ya siku kadhaa baharini, na uchumi wa visiwa hivyo ulitegemea nazi kavu na mdalasini. Kwa kuwa kisiwa cha Mahé ni milima mitupu, uwanja ulilazimika kujengwa pembezoni mwa bahari kwa kujaza kifusi. Katika miaka michache tu utalii ukawa ndiyo nguzo ya uchumi. Ukiusoma mradi ule kwa vitabu vya hesabu vya uwanja peke yake, yaani ada za kutua na tozo za abiria, hutaona hata robo ya kilichotokea.

Vitabu hivyo vyenyewe havipendezi sana katika nchi ndogo. Mapato ya uwanja huja kwa njia mbili. Yapo yanayotokana na ndege, kama ada ya kutua, ada ya maegesho na tozo ya abiria, na yapo yanayotokana na biashara, kama kodi ya pango ya maduka, matangazo na maegesho ya magari. Yote hayo hutegemea idadi ya abiria, lakini gharama nyingi hazitegemei idadi hiyo. Chukua kikosi cha zimamoto. Kiwango chake hupangwa kwa kuangalia ukubwa wa ndege zinazotumia uwanja, na kanuni za kimataifa zinataka kifike sehemu yoyote ya njia ya kurukia katika muda usiozidi dakika 3. Magari, povu, maji na zamu za askari ni lazima viwepo, iwe ndege kubwa inatua mara moja kwa siku au mara hamsini. Hali ni hiyo hiyo kwa waongoza ndege, wataalamu wa hali ya hewa na mitambo ya ukaguzi. Ndiyo maana viwanja vidogo vingi haviwezi kujiendesha kwa mapato yake, na anayeahidi kuwa uwanja wa nchi ya watu laki chache utajilipia kwa ada za kutua anapaswa kuulizwa maswali magumu.

Hata hivyo, ipo chemchemi moja ya mapato ambayo wananchi wengi hawaifahamu, nayo ni anga lenyewe. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, unatambua kwamba kila nchi ina mamlaka kamili na ya pekee juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Pamoja na hilo, nchi hukabidhiwa kuongoza ndege katika maeneo mapana ya anga la bahari kuu na hutoza ada kwa huduma hiyo. Cabo Verde, taifa la watu wapatao nusu milioni, husimamia eneo kubwa la anga la Atlantiki ambamo hupita ndege nyingi za kati ya Ulaya na Amerika ya Kusini. Ndege hizo hulipa kwa fedha za kigeni bila kugusa ardhi, mradi nchi iwe na rada, mawasiliano na waongoza ndege waliofunzwa vizuri. Kwangu mimi huu ni uwekezaji unaostahili kutangulia jengo lolote la vioo.

Sasa nije kwenye mfano ninaouona kuwa na mafunzo mengi kuliko yote, nao ni Shannon, magharibi mwa Ayalandi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndege za abiria zilizovuka Atlantiki hazikuwa na uwezo wa kubeba mafuta ya safari nzima kwa uhakika, hivyo zilitua Shannon kujaza mafuta. Uwanja ulikuwa mahali pa lazima, si kwa sababu ya uzuri wake, bali kwa sababu ya udhaifu wa injini za wakati ule. Abiria waliosubiri walihitaji kitu cha kufanya, na mwaka 1947 likafunguliwa pale duka la kwanza duniani la uwanja wa ndege lisilotozwa ushuru. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1950, zikaja ndege za jeti ambazo ziliweza kuruka moja kwa moja kutoka miji mikubwa ya Ulaya hadi New York. Sababu ya kutua Shannon ikaanza kuyeyuka mbele ya macho ya watu waliokuwa wameajiriwa pale.

Wangeweza kuomba ruzuku na kusubiri, lakini mwaka 1959 walianzisha kando ya uwanja eneo huru la viwanda, ambapo kampuni ziliingiza malighafi bila ushuru, zikatengeneza bidhaa nyepesi zenye thamani kubwa, na kuzisafirisha nje kwa nafuu ya kodi. Mji mpya ukajengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Mwaka 1975 ikaanzishwa hapo hapo kampuni ya kununua ndege na kuzikodisha kwa mashirika. Kampuni hiyo baadaye ilianguka, lakini watu iliowafunza walienea na kuanzisha nyingine, na leo Ayalandi ndiyo makao makuu ya biashara ya ukodishaji wa ndege duniani. Wanasheria, wahasibu, mabenki na wahandisi wanaoishi kwa kazi hiyo hawahesabiwi popote katika takwimu za abiria wa Shannon. Ndiyo sababu nasema faida ihesabiwe mahali inapopatikana.

Lakini simulizi ya Shannon ina upande mwingine ambao ni haki kuutaja. Kwa miaka mingi serikali ililazimisha ndege za kati ya Ayalandi na Marekani kutua Shannon, hata pale abiria walipokuwa wanakwenda Dublin. Sharti hilo lililegezwa mwaka 1993 na likaondoka kabisa baada ya makubaliano ya anga huru kati ya Ulaya na Marekani, yanayoyaachia mashirika yachague yenyewe miji ya kutua, kuanza kutumika mwaka 2008. Eneo la viwanda liliishi kwa sababu lilikuwa na kazi ya kweli, ilhali ndege zilizolazimishwa zililindwa na sheria tu.

Ukitaka kuona kinyume cha Shannon, tazama uwanja wa Mattala kusini mwa Sri Lanka. Sri Lanka si nchi ndogo sana, lakini kosa lake linaweza kurudiwa na nchi yoyote. Uwanja ulifunguliwa Machi 2013 kwa gharama ya takriban dola za Marekani milioni 209, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China, katika eneo lenye watu wachache, huku uwanja mkuu wa karibu na Colombo ukiendelea kuwapokea karibu wasafiri wote. Mashirika machache yaliyoanza kutua yaliondoka, na uwanja ukajulikana duniani kwa utupu wake. Njia ya kurukia ilikuwepo na jengo lilikuwepo. Kilichokosekana ni jibu la swali ambalo mkulima yeyote hujiuliza kabla ya kukodi lori: litakwenda limebeba nini, na litarudi limebeba nini?

Kuhusu mizigo nitasema kwa kifupi, ingawa ingestahili uzi wake. Ndege hubeba chini ya asilimia 1 ya uzito wa biashara ya dunia, lakini takriban theluthi moja ya thamani yake. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba sehemu kubwa ya shehena hiyo husafiri tumboni mwa ndege za abiria. Maldivi huuza jodari wabichi kwa njia hii, kwa hiyo ndege iliyoleta watalii huondoka na samaki. Hapo ghala la baridi lililo hatua chache kutoka kwenye maegesho ya ndege, na afisa wa ukaguzi wa mazao anayefanya kazi usiku, vinaweza kuwa na maana kubwa kwa mvuvi kuliko ukumbi mpya wa wageni mashuhuri.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na nakubaliana na mengi, ila umelipunguzia mno uzito suala la shirika la ndege la taifa. Mashirika ya nje huja kunapokuwa na faida na huondoka mambo yanapokuwa magumu. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa, nchi nyingi ndogo zilijikuta raia wao wamekwama ugenini na dawa zimekwama kwenye maghala, na waliokuwa na ndege zao walizituma. Je, usalama wa aina hiyo hauna bei? Isitoshe, shirika la taifa hufunza marubani na mafundi ambao nchi isingewapata kwa njia nyingine.

Mleta mada

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Nakubali kwamba kutegemea wengine kuna hatari yake. Lakini ninaomba tuitazame bei ya kinga hiyo. Air Malta ilianzishwa mwaka 1973 na ilihudumia kisiwa chake kwa nusu karne, lakini baada ya hasara za miaka mingi, na baada ya Umoja wa Ulaya kukataa ruzuku zaidi, iliruka kwa mara ya mwisho Machi 2024, na shirika jipya dogo zaidi likachukua nafasi yake. Air Mauritius iliwekwa chini ya wasimamizi Aprili 2020, yaani katika mwaka ule ule ambao hoja yako inauhusu. Biashara ya kurusha ndege ina faida nyembamba sana: mafuta peke yake huchukua takriban robo ya gharama au zaidi, na malipo ya kukodi ndege, vipuri na matengenezo hudaiwa kwa dola, huku tiketi nyingi za ndani zikiuzwa kwa sarafu ya nchi.

Pamoja na hayo, sisemi kwamba nchi ndogo isiwe na ndege kamwe. Aisilandi ni nchi yenye watu wasiofika laki nne, na shirika lake liliigeuza jiografia kuwa mtaji kwa kuunganisha abiria wa Ulaya na wa Amerika ya Kaskazini kupitia uwanja wake mkuu wa Keflavík, na kuwaruhusu wakae siku chache njiani bila kuongeza nauli ya ndege. Idadi ya wageni ilipanda kutoka chini ya laki tano mwaka 2010 hadi zaidi ya milioni mbili mwaka 2018. Hata hivyo, shirika la pili la nchi hiyo, WOW air, lilipoanguka Machi 2019, idadi ya wageni wa mwaka ule ilishuka na uchumi mzima ukatikisika. Kwa hiyo hatari ya kutegemea shirika moja haiondoki kwa sababu tu shirika hilo ni la nyumbani.

Kati ya kumiliki shirika zima na kutokuwa na chochote ipo njia ya katikati. Serikali inaweza kuitangazia zabuni njia fulani muhimu, ikaeleza ni safari ngapi kwa wiki na kwa nauli isiyozidi kiasi gani, kisha ikamlipa mshindi tofauti ya gharama kwa muda maalumu. Ruzuku inaonekana, ina mwisho, na mwananchi anajua amenunua nini. Hilo la kufunza mafundi nalikubali bila masharti, ingawa karakana ya matengenezo inaweza kuwepo hata bila shirika.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze jambo moja. Mjadala huu unaelekea kupima kila kitu kwa fedha. Baada ya mlipuko wa volkano wa Januari 2022 kule Tonga, majivu yaliifunika njia ya kurukia ya uwanja mkuu, na watu waliyaondoa kwa makoleo na mikokoteni kwa siku kadhaa ili ndege za misaada zitue. Wakati ule hakuna aliyeuliza uwanja unaingiza kiasi gani. Mnasemaje kuhusu uwanja ambao hautalipa kamwe, lakini watu wanauhitaji?

Mleta mada

Ninakushukuru kwa mfano huo, na jibu langu ni kwamba uwanja wa namna hiyo ujengwe, ila uandikwe kwa jina lake la kweli. Uwe huduma ya jamii katika bajeti, kama hospitali, na usipambwe kwa makadirio ya watalii ambao hawatakuja. St Helena, kisiwa chenye watu wapatao 4,500 katika Atlantiki ya Kusini, kilikuwa kikifikiwa kwa meli iliyochukua takriban siku 5 kutoka Cape Town. Uingereza ikagharamia uwanja kwa pauni milioni 285. Ulipaswa kufunguliwa Mei 2016, lakini ndege za majaribio zikakumbana na upepo unaobadilika ghafla karibu na ncha ya njia ya kurukia, na safari ya kwanza ya abiria ya ratiba ikaja Oktoba 2017 kwa ndege ndogo kuliko iliyokusudiwa. Watu wengi walicheka. Mimi siwezi kucheka, kwa sababu mgonjwa mahututi wa kisiwa kile sasa anaweza kufika hospitali kubwa kwa saa chache. Ninachosikitikia ni kwamba upepo ule haukupewa uzito wake kabla ya lami kumwagwa, na kwamba uwanja ulinadiwa zaidi kama biashara ya utalii kuliko kama huduma.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekuelewa, na juu ya zabuni za njia umenishawishi kwa kiasi. Swali langu la mwisho: nchi ambayo haina fedha za kujenga sasa ifanye nini leo, badala ya kumpa mwekezaji uwanja wote kwa miaka thelathini au arobaini?

Mleta mada

Kwanza, kumpa mwekezaji si dhambi, ila mkataba usomwe kana kwamba serikali ijayo itataka kuuvunja, kwa sababu jambo hilo hutokea. Maldivi ilikabidhi uwanja wake mkuu kwa kampuni ya India, GMR, mwaka 2010, ikauvunja mkataba mwaka 2012, na baada ya usuluhishi wa kimataifa ikalipa takriban dola milioni 270. Kwa nchi ya ukubwa ule, hizo ni fedha nyingi za kulipia kitu ambacho hakikujengwa.

Pili, yapo mambo yenye gharama ndogo yanayoweza kufanywa leo. La kwanza kwangu ni mamlaka ya usafiri wa anga yenye wakaguzi waliosoma, wanaolipwa vizuri na wasioweza kupigiwa simu na waziri. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya una orodha ya mashirika yaliyozuiwa kuruka katika anga lake, na mara nyingine hujumuisha mashirika yote ya nchi moja kwa sababu msimamizi wao ni dhaifu. Jengo jipya haliwezi kuiondoa nchi kwenye orodha hiyo, bali wakaguzi wanaweza. Kisha kuna makubaliano ya haki za kutua, ambayo hugharimu mazungumzo tu. Nchi nyingi ndogo huwanyima mashirika ya nje safari za ziada ili kulilinda shirika la nyumbani lenye ndege mbili, na hoteli na wauza mazao ndio wanaobeba gharama ya ulinzi huo.

La mwisho ni ardhi. Singapore ilipoamua mwaka 1975 kuuhamisha uwanja wake mkuu kutoka Paya Lebar, uliokuwa umezungukwa na makazi, ilichagua Changi, pembeni mwa bahari, ikajaza kifusi ili kuongeza eneo, na ndege zikapata njia ya kuingia na kutoka juu ya maji badala ya juu ya nyumba za watu. Uwanja ulianza kazi mwaka 1981, na mwaka 2019 ulihudumia abiria milioni 68. Nchi isiyo na fedha leo inaweza angalau kupima eneo, kulipa fidia ya haki mapema, kuweka mipaka na kuzuia majengo marefu kwenye mkondo wa kutua. Katika eneo hilo hilo itenge sehemu ya maghala ya baridi, karakana na viwanda vyepesi, kabla walanguzi wa viwanja hawajafika.